Kiti Kando ya Mlango wa Stoo

Mashine ilikufa Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, chai zikiwa bado za moto mezani. Haikuzimika kama taa. Ilianza kusaga, krr, krr, kama mtu anayesaga meno usingizini, halafu ikanyamaza. Binti aliyekuwa ameketi mbele yake akaweka kiganja juu ya bati lake, akangoja. Bati lilikuwa bado na joto. Akajua kwamba kazi imekwisha, ya mashine na ya kwake pia.

Walimwita Kimya. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na watu wa ofisini miaka minane iliyopita, mjomba wake alipomleta kufagia. Shule aliiachia darasa la tano, na maneno alikuwa akiyatoa kwa kijiko. Aliingia na fagio lake, akifika kwenye meza mwenye meza anainua miguu bila kuondoa macho kwenye skrini, yeye anafagia, anapita, miguu inarudi chini. Miaka miwili mizima aliwajua watu wa ofisi ile kwa viatu vyao.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu kumi na mmoja waliotengeneza programu ya kuchapisha lebo za dawa, kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye chupa hospitalini: jina la mgonjwa, dawa gani, anywe kiasi gani, na mstari wa mwisho wa onyo. Kila mtu aliandika kipande chake, na kila kipande kilipelekwa kwenye mashine moja iliyokaa kwenye ujia, kando ya mlango wa stoo ya mafagio. Mashine ilivichukua vipande yenyewe, ikaviunga, ikavipitisha kwenye majaribio mia nne na kumi na mawili, bila mtu kuigusa. Ikiridhika iliwasha kijani, na programu mpya ikaenda zake hospitalini. Isiporidhika iliwasha nyekundu, na mtu fulani akaanza kujikuna kichwa.

Ila mashine haizaliwi na zana tumboni. Kila zana inayotumika kuunga na kujaribu lazima mtu aisakinishe humo, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake, na ukikosea mpangilio zinagombana kama wake wenza. Aliyezisakinisha alikuwa mjomba wake Kimya, fundi wa ofisi. Kimya alikuwa akimaliza kufagia anasimama nyuma yake, fagio mkononi, anatazama.

"Umesimama hapo kama nguzo ya umeme, unangoja nini?" Mjomba alimwambia siku moja. "Vuta kiti. Andika ninachofanya, nikisahau unikumbushe."

Kiti kilitoka stoo, mguu wake mmoja mfupi. Mjomba aliuwekea kipande cha karatasi ngumu chini, akakijaribu kwa kukikalia yeye kwanza. Kimya alipoketi ndipo akagundua kwamba watu wa ofisi ile wana nyuso. Tangu siku hiyo aliandika. Kila amri, kila zana, kila nambari, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la tano, na kila mwisho wa ukurasa Mjomba aliweka sahihi yake. Kurasa zikafika sitini.

Halafu Mjomba akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa, na maneno yote yakamtoka kinywani likabaki moja tu: ndiyo. Meneja alitafuta fundi mwingine, hakumpata. Siku ya tatu Kimya alisimama mlangoni kwake akasema, "Mimi ninalo daftari." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema pale. Meneja akamwachia mashine, na mtu mwingine akaajiriwa kufagia nusu siku. Miaka miwili Kimya akailea, akiongeza zana inapohitajika, akiandika. Kurasa zikafika tisini na nne. Sahihi hakuna aliyeweka tena.

Injinia aliajiriwa mwaka huu. Alikuwa mwanamke wa miwani mikubwa, mwenye haraka, asiye na roho mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya Kimya amwogope zaidi. Wiki yake ya kwanza tu alivuta stuli akaketi kando ya Kimya.

"Mdogo wangu, unalijua kontena la melini? Lile la chuma, ukifungua mlango kila kitu kimeshapangwa ndani?"

Kimya akaitikia kwa kichwa kwamba analijua.

"Basi siku hizi kuna la programu. Watu huko nje wameshaweka zana zote, wamezipanga, wamefunga. Wewe unalivuta kutoka mtandaoni, linaunga, linajaribu, ukimaliza unalitupa. Kesho unavuta jingine. Mashine haibaki na kitu tumboni. Ikifa, inakufa bati tupu."

"Na vilivyomo humu?" Kimya akauliza, kidole kikielekea kwenye mashine.

"Hivyo ndivyo ninavyovitaka. Nipe mashine nusu siku tu, ninakili kila kilichomo, tukifunge kwenye kontena letu wenyewe. Hapo hata ofisi iungue, hatuna wasiwasi."

Kwenye meza ya karibu alikaa mwandishi mmoja wa programu waliyemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. "Kimya, shauri yako," akadakia. "Kontena likiingia mlangoni, wewe unatokea dirishani. Ila usijali bibie, fagio lako tumelitunza. Tunalipiga hata pasi."

Wakacheka. Injinia mwenyewe alitabasamu. Kimya pia alicheka, kwa sababu asiyecheka ndiye anayetazamwa.

"Wiki ijayo," akamwambia Injinia. "Sasa hivi ninaisafisha."

Hakuwa akiisafisha. Wiki iliyofuata Injinia alirudi, Kimya akasema wiki ijayo. Akarudi mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Mara nne Kimya alisema wiki ijayo, na kila aliposema alihisi mlango wa stoo nyuma ya kisogo chake, kana kwamba uko wazi na baridi inatoka. Kufagia hakukuwa aibu kwake, fagio lilikuwa jembe lake. Alichokiogopa ni kurudi kwenye viatu.

Sasa mashine ilikuwa imekufa, na hakuna kilichonakiliwa.

Meneja aliwaita wote wawili, yeye na Injinia. Alikuwa mtu wa kusugua paji la uso, na siku hiyo alilisugua mpaka likang'aa. "Hospitali zinangoja toleo jipya Ijumaa, saa sita mchana. Mashine mpya ile pale, tupu. Kimya, sakinisha kama mjomba wako alivyofanya. Injinia, jaribu hayo makontena yako. Mimi sina upande. Atakayenionyesha kijani, njia yake ndiyo tutakayoifuata tangu sasa."

"Na asiyeonyesha?" Kimya akauliza.

Meneja akatazama karatasi zake. "Tutaona," akasema.

Jumatano asubuhi Kimya alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akaliegemeza kwenye kikombe. Juu kabisa alikuwa ameandika, miaka sita iliyopita: *Leo Mjomba amenipa kiti.* Chini yake: *Fungua programu ya lebo. Ongeza herufi ndogo.*

Fungua programu ya lebo. Akatazama mashine mpya. Ndani yake hakukuwa na programu ya lebo ya kufungua.

Alisoma mstari ule tena na tena, kidole chini ya kila neno kama mtoto wa shule. Alipopewa kiti, mashine ile ilikuwa imeshasimama mwaka mzima na zaidi. Mjomba alikuwa ameshaweka vitu vyake vya mwanzo, vya msingi, ambavyo hakuna aliyeviandika kwa sababu vilikuwa vimo tayari. Daftari lilianzia katikati. Miaka yote hiyo Kimya alilibeba kifuani kama cheti, alilifungia plastiki mvua iliponyesha, akiamini kwamba humo imo mashine nzima, kumbe imo mashine isiyo na miguu.

Hakumwambia mtu. Aliitafuta programu ya lebo mtandaoni, si ile ya ofisi bali zana ya watu wengine inayogeuza maandishi kuwa picha ya kuchapishwa, akasakinisha toleo jipya kabisa, akaendelea. Ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Zana ziligombana, akaziondoa, akazirudisha. Hakula. Kasuku alimpitishia kikombe cha chai bila neno, jambo ambalo kwa Kasuku lilikuwa kama msiba. Jumatano ikaisha akiwa ukurasa wa arobaini na moja.

Alhamisi saa tano akafika mwisho. Akaiwasha. Kijani, kijani, kijani, mistari ikishuka kama mvua. Mia nne na kumi na moja kijani. Moja nyekundu.

Jaribio lile lilichapisha lebo na kuilinganisha na lebo ya mfano. Mstari wa mwisho, wa onyo, ulikuwa umekatwa kichwa.

"Na yangu hivyohivyo," sauti ikasema nyuma yake. Injinia alikuwa amesimama na kompyuta yake mkononi kama sinia. "Kontena limemaliza kila kitu kwa dakika mbili. Nyekundu moja, hiyohiyo yako."

Siku moja na nusu, na dakika mbili. Kimya hakujua atazame wapi.

"Mjomba wako alitumia toleo gani la programu ya lebo?"

"Sijui."

"Kwenye daftari?"

Kimya akamgeuzia ukurasa wa kwanza. Injinia akausoma, akaelewa upesi kuliko Kimya alivyoelewa, na uso wake ukabadilika kidogo. Akashika mgongo wa kiti. "Basi ngoja. Yapo matoleo kumi na manne tu. Ninayajaribu yote."

Kimya alimtazama akifanya hivyo. Kontena moja linavutwa, linajaribiwa, linatupwa, linakuja jingine, kama mtu anayechambua mchele. Kwa Kimya kila toleo lingekuwa asubuhi nzima. Nusu saa baadaye yote kumi na manne yalikuwa yamekwisha, na yote yalikata mstari wa mwisho.

"Aliigusa kwa mkono," Injinia akasema taratibu. "Aliingia ndani yake akabadilisha kitu. Haipo kwenye kontena lolote duniani. Ilikuwa kwenye mashine yenu ile tu." Hakuongeza kwamba ndiyo maana aliomba nusu siku. Kimya aliusikia usemi huo hata hivyo, wote, toka mwanzo hadi mwisho.

"Nitakwenda kumwuliza," akasema.

"Anaongea?"

"Kidogo."

Injinia alimwandikia kwenye karatasi mambo tisa ambayo fundi angeweza kuyabadilisha: nafasi kati ya mistari, urefu wa karatasi, pambizo la chini, na kadhalika. Kimya akaikunja mara nne, akatoka mbio.

Mjomba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, blanketi magotini, amenyolewa vizuri. Mkaza mjomba alikuwa akikunja nguo kitandani.

"We mtoto, saa hizi si uko kazini? Kuna nini?"

"Shikamoo mama. Nina swali la Mjomba, dogo tu."

"Marahaba. Muulize, atakujibu. Siku hizi anakubali kila kitu. Ningemwomba gari zamani zile angekataa, leo nikimwomba ananipa mawili." Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaendelea kukunja.

Kimya akapiga magoti mbele ya kiti. "Shikamoo Mjomba. Mashine imekufa."

Macho ya Mjomba yakamjia. "Ndiyo," akasema.

"Naisakinisha upya. Kuna kitu ulibadilisha kwenye programu ya lebo, mwanzo kabisa, kabla hujanipa kiti. Kile kinachofanya mstari wa mwisho usikatwe. Nitakutajia, uniambie." Akafungua karatasi. "Ni nafasi kati ya mistari?"

"Ndiyo."

Moyo wa Kimya ukaruka. Akaweka alama kwa kalamu. Halafu, kwa uangalifu tu, akauliza la pili. "Au ni urefu wa karatasi?"

"Ndiyo."

"Pambizo la chini?"

"Ndiyo."

Akaenda mpaka la tisa. Yote tisa yalijibiwa ndiyo, yote kwa sauti ileile laini ya mtu anayetaka kusaidia. Mkaza mjomba alikuwa ameacha kukunja.

Kimya hakutaka kuuliza alichouliza baadaye. Kilimtoka. "Mjomba, mimi ni mwanamume?"

"Ndiyo," akasema Mjomba.

"Mwache, mwanangu," mkaza mjomba akasema.

Kimya akalaza paji la uso kwenye mkono wa kiti. Hapo akahisi daftari likivutwa kwapani mwake. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Mjomba, ule mzima. Alilipakata, akaanza kufungua kurasa kwa kidole gumba, akirudi nyuma. Tisini. Sitini, penye sahihi yake. Thelathini. Kumi. Akafika ukurasa wa kwanza, *Leo Mjomba amenipa kiti*, na hakusimama hapo. Aliugeuza huo nao, akafika kwenye jalada kwa ndani, pasipo na kitu, pakavu, rangi ya udongo. Akaweka kiganja hapo, akakisukuma huku na huku, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndiyo."

Alikuwa anajua. Kimya aliona kwamba anajua kila kitu, kilichobadilishwa na mahali kilipo na siku alipokibadilisha, na kwamba kimefungwa humo ndani na ufunguo haupo. Jasho lilikuwa limemtoka Mjomba juu ya mdomo. Kimya akalifuta kwa kiganja, akafunga daftari taratibu, akitoa kidole chake kwanza, kisha kidole cha Mjomba.

"Basi Mjomba. Nimepata. Nimeshapata."

"Umepata kweli?" mkaza mjomba akamwuliza mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Hapana, mama."

Ijumaa alifika saa mbili. Alikuwa amepanga kujaribu yale mambo tisa, moja moja, ingawa hakujua hata pa kuyagusia. Aliwakuta watu wamezunguka meza ya Injinia. Kasuku alipomwona akaacha kuongea katikati ya neno.

Injinia akageuka. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa mekundu. "Kimya, njoo. Umepata jibu?"

"Bado kidogo."

"Basi usihangaike tena." Akasema kwa upole kabisa, na upole ule ukamkata maini. "Ile programu ya lebo nimeitoa. Nimeandika upya kile kipande chetu, lebo inachorwa kwa njia nyingine, haipiti huko. Alichokibadilisha mjomba wako hatukihitaji."

Skrini ilikuwa kijani tupu. Mia nne na kumi na mawili. Pembeni iliandikwa muda: dakika mbili na sekunde tisa.

Hatukihitaji. Kimya alifikiria kiganja kile kikipapasa jalada. Kama kingekuwa kitu kikubwa kilichopotea, angelia na ingeeleweka. Bila hiki iliwezekana kuishi, tangu zamani, kwa kazi ya usiku mmoja ya mtu mwenye haraka.

"Hongera," akasema.

Meneja alikuja, akasugua paji la uso. "Kimya, sikiliza. Hakuna anayekufukuza hapa, umenielewa? Ila mashine ya kulea haipo tena. Yule wa kufagia anaondoka leo, mwisho wa mwezi, sasa... utusaidie kama zamani. Kwa muda. Tutaona."

"Ndiyo," akasema Kimya, na akashtuka kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Injinia alimshika bega. "Na mimi nitakufundisha makontena. Si magumu, wewe una akili kuliko nusu ya hawa. Nitakukalisha chini nikuonyeshe mwanzo mpaka mwisho."

"Lini, dada?"

"Wiki ijayo," akasema Injinia. "Nimalize tu hili la hospitali."

Kimya aliyajua maneno hayo. Alijua yanavyotengenezwa, na yanavyoonekana kutoka upande wa ndani. Hakumlaumu.

Saa sita toleo jipya likaenda hospitalini, wakapiga makofi. Kimya aliibeba mashine ya zamani mpaka stoo, akazungusha nyaya zake vizuri kama alivyofundishwa, zisijipinde, akaweka daftari juu yake. Kiti kilichukuliwa na Kasuku kwenda chumba cha wageni. Alikibeba kimyakimya, akarudi baadaye kumletea kile kipande cha karatasi ngumu kilichobaki sakafuni. "Hiki chako," akasema, akaondoka haraka.

Fagio lilikuwa palepale. Hakuna aliyelipiga pasi.

Jumatatu asubuhi akaanzia mlangoni. Akapita meza ya kwanza, ya pili, ya Kasuku, ambaye alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Akafika kwenye meza ya Injinia. Alisimama kidogo, akidhani labda atageuka. Kwenye skrini mistari ya kijani ilikuwa ikishuka, kontena jipya limevutwa, linafanya kazi, litatupwa. Injinia aliandika, akasimama, akafuta, akaandika tena. Halafu, bila kuondoa macho pale, akainua miguu.

Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, kisigino cha kushoto kimelika upande. Kimya akafagia chini yake, akapita.